Ndoo Nyeupe ya Yaya

Ile ndoo ilikuwa ya mayonezi. Nyeupe, ina mkono wa kushikia na kifuniko cha kubana, aina ile ile ambayo wanawake wa soko la Kikula wanawekea mafuta ya mawese. Daktari aliyempasua dada yangu alimkabidhi shemeji yangu kwenye korido ya hospitali, watu wakipita na masufuria ya wagonjwa wao, akasema kwa Kifaransa kwamba iende Lubumbashi, « pour l'anapath ». Basi! Maneno mawili, akageuka, akaenda kunawa mikono. Ndani ya ndoo mlikuwa na ziwa la kushoto la dada yangu, limelowekwa katika formole, dawa ya kuzuia nyama isioze.

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na nilisikia. Shemeji alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Hakuelewa kitu. Ni fundi wa kiwandani, mtu mwema, lakini mbele ya koti jeupe anakuwa mtoto wa shule. Nikamnyang'anya ndoo, nikamfuata daktari mpaka mlangoni, nikamwambia: haya, nieleze mimi, inaenda kufanya nini huko? Akashusha pumzi. Akanieleza haraka haraka kwamba hapa Likasi hatuna mtu wa kusoma nyama kwa darubini, ndiyo hiyo anapath. Ziwa limekatwa kwa sababu lilikuwa linavuja damu na lingemuua, lakini kansa haiko moja, kuna za kawaida na kuna za nadra, na dawa ya hii si dawa ya ile. Kwa macho tu hajui ni ipi. Ile ndoo ndiyo itakayosema yaya atibiwe vipi, na ikichelewa kusema, yaya atakufa.

Hayo aliniambia mimi. Kumbukeni hivyo.

Yaya ni dada yangu mkubwa. Sisi huku Katanga hatusemi dada, tunasema yaya, na kwangu mimi amekuwa yaya na nusu ya mama. Mimi ni mshonaji, nina mashine yangu Kikula, na ugonjwa wake niliugundua kwa mita ya kupimia nguo. Ilikuwa kabla ya Pasaka, kina mama wa jumuiya ya parokia walikuwa wamechagua kitenge kimoja niwashonee, na yaya akawa ananikwepa. Leo kichwa kinamuuma, kesho ana mgeni. Mwishoni nilimfungia mlango nikapitisha mita kifuani. Upande mmoja uligoma. Alikuwa amejifunga vitambaa, tabaka juu ya tabaka, na chini yake ziwa limevimba kama papai, ngozi imenyooka inang'aa, na mahali pamoja imeanza kupasuka.

Mawe! Nilimgombeza mpaka majirani wakaja. Mficha maradhi kifo humuumbua, nilimwambia, wewe ulikuwa unangojea nini, cheti? Naye aliketi kwenye kiti cha wateja, kanga imemwangukia miguuni, akasema tu: "Ilikuwa kidogo. Halafu ikakua mbio." Mbio kweli. Kwa miezi michache kile kitu kilitoka kwenye punje kikawa mzigo. Huko nyuma mumewe alikuwa amemwekea dawa za majani, mama mkwe alikuwa amemwekea maombi, na wote walikuwa wamekubaliana kwamba mimi nisiambiwe kwa sababu nina mdomo. Ndiyo, ninao. Nilimpeleka hospitali kwa mdomo huo huo.

Haya, turudi kwenye ndoo. Baada ya upasuaji aliyekuwa anamlinda yaya pale kitandani, garde-malade wetu, alikuwa shangazi, dada wa marehemu baba. Shangazi anaishi Kapolowe, analima mahindi na mihogo, na baba yetu amezikwa huko. Alikuwa amekaa hospitali tangu siku ya kwanza, akilala kwenye mkeka chini ya kitanda, na sasa alitaka kurudi kuangalia shamba. Akasema kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, ambamo mimi ni minye: "Minye niko napita na ile njia. Nitafika mpaka Lubumbashi, nitaitoa mu laboratware, halafu nitarudi kwangu." Ni kweli, Kapolowe iko katikati ya njia. Nilikuwa na sare za shule za kushona, mteja alikuwa ananisumbua. Nikampa anwani, nikamwambia asifungue ndoo kabisa, akaifunga ndani ya mfuko wa plastiki, akaifunga tena kwa waya, akaondoka nayo.

Tukangoja majibu. Nikimpigia simu shangazi, ananiambia: "Banasema tungojee." Nikimwuliza shemeji, anaangalia viatu vyake. Yaya mwenyewe hakuwa anauliza kabisa. Kidonda kilianza kufunga, akaanza kutembea uani, akapika hata bukari, ugali wetu, siku moja, na nikitaja Lubumbashi anabadilisha habari, ananiambia niangalie chungu. Nilidhani ni woga. Nilimkasirikia kidogo kwa hilo pia.

Halafu kijipu kikatokea pembeni ya mshono. Kwanza kama punje ya hindi. Nikakisikia kwa kidole nilipokuwa nambadilisha bendeji. Muda si mrefu kikawa kama karanga na ganda lake. Tulirudi kwa daktari yule yule, akakibonyeza, akatuuliza majibu yako wapi. Hatuna. Akakuna shingo. "Basi tuanze chimio," akamwambia shemeji, "tubahatishe."

Tubahatishe! Mimi nikikata kitambaa cha mteja kwa kubahatisha, ananirudishia pamoja na matusi ya ukoo wangu, na ana haki. Huyu anataka kubahatisha kwenye mishipa ya dada yangu, sindano zinazomwaga nywele na kumtapisha mtu nyongo, bila kujua kama zinafaa. Nilimshika yaya mkono tukatoka. Maana kama ningemjibu wangeniitia mlinzi. Kesho yake asubuhi nilifunga mashine nikaenda Lubumbashi mwenyewe.

Kwenye laboratware, maabara ya kusoma nyama, nilipokelewa na daktari mwanamke, mtu mzima, miwani juu ya kichwa. Nikamtajia jina la mgonjwa, mwezi, na ndoo ya mayonezi. Alitafuta, akamwuliza mwenzake, akarudi. "Mama, ya kwako haijawahi kufika hapa." Nikamwambia atafute tena. Akatafuta tena. Nikatoka nje nikakaa ukingoni mwa ukuta, na nilipompigia shangazi simu ililia mpaka ikachoka.

Nilishuka Kapolowe mchana, jua kali. Shangazi alikuwa anatandaza mihogo kwenye turubai. Aliponiona hakushangaa, na hilo ndilo lililonimaliza. Hata shikamoo sikumpa, hata kumwita shangazi nilisahau.

"Iko wapi?"

Akaendelea kutandaza. "Kaa kwanza, mutoto wangu. Nikupe maji."

"Sitaki maji! Iko wapi ndoo ya yaya?"

"Iko kwa baba yako," akasema.

Alikuwa ameizika. Alikuwa ameshuka na ndoo pale Kapolowe siku ile ile, akapanda pikipiki mpaka kwake, akachukua jembe, akalizika ziwa la yaya kwenye miguu ya kaburi la baba. Na kila nilipopiga simu alikuwa ananidanganya. Nilimwuliza ni shetani gani amemwingia. Akajibu bila kuniangalia: "Kipande ya muntu haitembezwe mu barabara sawa muzigo. Bachimbaji banatafuta bile bintu. Banaweka mu shimo juu ya kupata mali. Ningeiacha kule kwa bantu tusiyojua, ingefika wapi?"

Na mimi nilimwamini, kwa sababu ni maneno ambayo kila mtu huku ameyasikia. Hakuna shimo la madini lisilo na hadithi yake: kidole cha fulani, nywele za fulani, mtu aliyetajirika ghafla. Nimelelewa na hadithi hizo. Lakini hadithi ni hadithi, na kijipu cha yaya kilikuwa kinakua. Nilimwita shangazi mjinga. Nilimwita muuaji. Nilimwambia yaya akifa asikanyage kwenye matanga yetu. Alisimama na mikono yake yenye unga wa mihogo akanisikiliza mpaka mwisho.

Nikachukua jembe lake nikaenda kuchimba.

Kuchimba kwenye kaburi la baba yako mchana kweupe, kijiji kinaangalia, si jambo la kumwombea mtu. Wanawake walisimama mbali na watoto mgongoni. Mzee mmoja akaniuliza kama nimerukwa na akili. Mwingine akasema mulozi, mchawi, kwa sauti ya kutosha nisikie. Nikamwambia ndiyo, mulozi wa mchana, sogea nisije nikakukata mguu! Nilikuwa nalia wakati huo huo, makamasi na jasho, na sikuwa na hata kitambaa cha kujifutia. Baba, nilisema, nisamehe, nachukua tu cha yaya.

Jembe likagonga plastiki.

Sasa sikilizeni kitu kimoja, maana ndicho kilichomwokoa. Shangazi aliambiwa asifungue, na kweli hakufungua. Alizika ndoo yote, na kifuniko chake, na mfuko, na waya. Nililegeza kifuniko kidogo, formole ikaniuma macho mpaka nikakohoa. Nikakibana tena. Shimo nililiacha wazi, udongo pembeni, jembe limelala chini, nikaondoka bila kuaga.

Lori la kwanza lililosimama lilikuwa limebeba mifuko ya unga. Dereva wake, baba mmoja Mwislamu, watu wake walitoka upande wa Maniema, alinipa nafasi mbele. Ndoo niliiweka mapajani. Akanusa, akauliza kwa adabu kama ni dawa ya mimea. Nikamwambia ukweli, kwa sababu nilikuwa sina nguvu ya kutunga uongo: ni ziwa la dada yangu mkubwa, lilikuwa limezikwa, nalipeleka kusomwa. Alizima redio. Mpaka Lubumbashi hakuuliza tena, na tulipofika akazunguka mwenyewe kunifungulia mlango.

Yule mama wa miwani alipoona udongo kwenye mfuko akanyanyua macho. Nikamwambia asiniulize. Alifungua, akakata kipande, akasema nyama bado imekaa vizuri. Ingezikwa bila ndoo yake angenipa pole tu. Majibu yalipotoka alinieleza polepole, kwa Kiswahili, na Mungu ambariki. Ugonjwa wa yaya si ile kansa ya ziwa ambayo watu wengi wanapata. Ni ya nadra, inaitwa phyllode, chini ya darubini inaonekana imejikunja kama majani, na hii ya yaya ilikuwa ya ile aina mbaya. Sindano za chimio kwa huu ugonjwa si za kutegemea. Dawa yake ya kwanza ni kisu, lakini kisu chenye kukata mbali. Na kwenye ukingo wa nyama iliyokuja ndani ya ndoo, ugonjwa ulikuwa bado upo. Maana yake mwingine ulibaki kifuani.

Nilielewa mara moja. Kitambaa kikiungua kwa pasi, hukati kwenye mstari wa weusi. Unakata mbali, kwenye kitambaa kizima, hata kama kipande kinachobaki ni kidogo. Yule wa Likasi alikata kwenye weusi kwa sababu hakujua ni weusi wa namna gani. Na tulipokuwa tunangoja majibu ya ndoo iliyolala chini ya udongo, weusi ulikuwa unatembea.

Tulimleta yaya Lubumbashi. Wapasuaji wa huko walisema itabidi wachukue nyama ya kifua yenyewe, na ubavu mmoja ambao ugonjwa umeugusa, halafu wavute nyama na ngozi kutoka mgongoni kuja kufunika tundu. Kama wangempata mapema, ubavu ungebaki. Hilo walinitamkia wazi, na nililibeba kama jiwe la kumtupia mtu. Nilijua ni nani.

Naye akaja mwenyewe. Siku moja kabla ya upasuaji, shangazi alisimama kwenye mlango wa chumba na sufuria ya sombe, kisamvu, kichwani, viatu vimejaa vumbi. Nilinyanyuka nikaziba mlango kwa mwili wangu.

"Rudi ulikotoka," nikamwambia. "Umekuja kuzika kilichobaki?"

"Mwache aingie," yaya akasema nyuma yangu.

"Haingii!"

"Nimesema mwache aingie. Ni minye njo nilimutuma."

Niligeuka. Yaya alikuwa ameketi kitandani, bendeji kifuani, ananiangalia kama alivyokuwa ananiangalia nikiwa mtoto nimevunja kitu.

"Ulimtuma wapi?"

"Kapolowe. Minye njo nilisema aiweke kwa baba. Nikamwapisha asikuambie, juu unapenda makelele." Akapumua, maana kusema kulikuwa kunamuuma. "Nilijua nakufa. Nilisema, bantu ya bwana yangu batanizika kwao, kule mbali, kati ya bantu sijue. Basi kipande moja ilale kwetu. Kwa baba."

Mungu wangu! Nilitaka kumpiga. Mgonjwa, wa kesho kupasuliwa, nilitaka kumzaba kofi. Nilimwuliza kama alikuwa na wazimu, kama alijua ile ndoo ilikuwa ni nini, kwamba ile ndoo ilikuwa ndiyo uhai wake, kwamba ametupa ubavu wake mwenyewe kwa sababu ya kiburi. Nilipiga kelele mpaka muuguzi akachungulia. Shangazi alikuwa bado amesimama na sufuria kichwani, yule niliyemwita muuaji.

Yaya alinisubiri nimalize.

"Nani aliniambia?" akauliza.

"Nini?"

"Ile ndoo ilikuwa ya nini. Nani aliniambia, minye? Munganga wa hospitali aliambia bwana yangu. Halafu akakuambia weye. Minye niliamka, nikaona bendeji, nikauliza ziwa yangu iko wapi. Bwana yangu akasema, iko mu ndoo. Weye ukasema, usijali, nitapanga. Nani aliniambia ni dawa? Nilifikiri banaenda kuitupa."

Nilifungua mdomo. Mdomo huu ambao watu wote wanauogopa.

Mlango ukafunguliwa na daktari wa upasuaji akaingia, kijana, mpole, na karatasi zake mkononi. Akatazama kitandani, akatazama kwangu, na akaanza kunieleza mimi, kwa Kifaransa kizuri, jinsi watakavyofanya kesho.

"Docteur," nikasema. Sauti ilitoka kali kuliko nilivyotaka, na muuguzi akasogea. "Kifua si changu. Mwenye kifua ni huyu. Mwambie yeye, na kwa Kiswahili!"

Aligeukia kitanda. Kisha, na sitamsahau kwa hilo, akavuta kiti, akakaa karibu na yaya, akaanza upya. Alimwonyesha kwa kidole wapi watakata, wapi watavuta nyama ya mgongo, kwa nini. Yaya alisikiliza yote. Mwishoni akauliza: mukikata, inaenda wapi? Inasomwa hapa hapa, akajibu, halafu inachomwa.

"Haichomwe. Bakimaliza kusoma, munirudishie. Sio bwana yangu. Sio mudogo wangu. Minye."

Daktari alisema hajawahi kuombwa hivyo na mgonjwa. Yaya akamwambia labda hawajawahi kuulizwa.

Ukingo wa safari hii ulitoka safi. Yaya ana shimo kifuani lililofunikwa na mgongo wake, mkono wa kushoto haupandi juu ya bega, na anarudi Lubumbashi kupimwa kila anapoitwa. Bado nina hasira. Na wale wa korido, na shemeji na viatu vyake, na yaya pia, na siku nyingine na mtu ninayemwona kwenye kioo cha wateja wangu.

Aliporudishiwa ndoo zake mbili, ya Likasi na ya Lubumbashi, tulikwenda Kapolowe sisi watatu, yeye, mimi na shangazi. Lile shimo nililolichimba lilikuwa bado wazi. Shangazi hakuruhusu mtu alifukie. Alikuwa ameweka tu miba juu, kuku wasiingie. Yaya alipiga magoti akaziweka ndoo ndani, mwenyewe, moja moja. Mimi nikachukua jembe, nikavuta udongo wa kwanza.

Akanishika mkono.

"Uliza kwanza," akasema.

Nikamwuliza: "Yaya, nikusaidie?"

"Hapana," akasema, akachukua jembe kwa mkono wake mmoja.